SOMO: Benki ya biashara inavyojitofautisha na wenzake, hatua kwa hatua

Ndugu wajumbe, tembea Barabara ya Sokoine hapa Arusha uhesabu benki. Zote zina akaunti, mikopo na kadi, na shilingi ni ileile. Sasa mteja aache moja aingie nyingine kwa lipi?

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 benki za binafsi zilitaifishwa, Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ikatawala soko, na swali hilo halikuwa na uzito. Lilirudi sheria ya mwaka 1991 ilipofungulia mlango benki binafsi. Michael Porter, mtaalamu wa mikakati ya biashara, alishaeleza njia tatu mwaka 1980: kuwa na gharama ndogo kuliko wenzako, kujitofautisha, au kulenga kundi dogo. Leo ni hiyo ya pili.

Hatua ya 1: Mjue unayemhudumia. "Wateja wote" siyo jibu. Mkulima wa kahawa wa Kibosho hupata pesa kwa msimu. Ukimdai marejesho kila mwezi unamfundisha kukopa kwa jirani ili akulipe. Mwenye kampuni ya utalii Arusha analipwa kwa dola, na miezi ya mvua za masika magari yake yamelala. Hawa hawawezi kupewa mkopo wa aina moja.

Hatua ya 2: Kaa naye siku nzima. Hapa ndipo wengi wanaporuka, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nikiwa afisa mikopo tulipaka tawi rangi mpya, tukaweka viti vya kisasa, tukangoja wateja. Siku moja nilikaa Soko la Mbuyuni, Moshi, na mama muuza ndizi. Saa kumi na moja jioni alifungua fundo la kanga, akanyoosha noti za elfu mbili mojamoja juu ya paja, akahesabu mara mbili. Tawi letu lilikuwa limeshafunga. Viti vile vilikuwa vya nani? Alichohitaji ni wakala wa jioni mwenye salio la kutosha, asiyemwambia "mama, mtandao unasumbua, rudi kesho".

Hatua ya 3: Piga hesabu. Tofauti inagharimu. Iwapo mteja hayuko tayari kuilipia, au kukuachia amana zake kwa sababu yake, umejipamba tu.

Hatua ya 4: Chagua kisichoigika haraka. Programu ya simu huigwa, akaunti ya wanawake huigwa. Tazama huduma zinazofuata sharia ya Kiislamu, yaani zisizo na riba: Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa imejengwa juu ya msingi huo tangu mlangoni. Baadaye benki ya CRDB nayo ikaanzisha huduma kama hizo kwa jina la Al Barakah, mwaka 2021. Bidhaa hufuatwa. Kinachochelewa kuigwa ni afisa anayeijua AMCOS yenu, yaani chama chenu cha ushirika wa wakulima, anayejua kahawa inauzwa lini na nani hulipa hata mwaka wa ukame.

MASWALI YA WAJUMBE

*Mwalimu, kushusha riba si kujitofautisha?*
Hapana, ndugu yangu. Hiyo ni vita ya bei, na huishinda mwenye gharama ndogo na amana za bei rahisi. Benki ndogo ikiiingia bila hivyo itaumia.

*Shikamoo mwalimu. Nipo SACCOS, ushirika wa akiba na mikopo, ya Moshi, hili linatuhusu?*
Marahaba binti yangu. Linawahusu sana. Ninyi mnawajua wanachama kwa majina na mashamba yao. Msiache faida hiyo mkakimbilia kuiga kadi za benki kubwa.

*Kaka, nitajuaje kama imefanya kazi?*
Usihesabu akaunti zilizofunguliwa. Nyingi hulala na salio la elfu tano. Chukua wateja ishirini, angalia mauzo yao kiasi gani yanapita kwako. Kisha subiri jirani ashushe makato, uangalie wangapi kati ya hao ishirini bado wanaweka kwako mwezi unaofuata.