Kupiga picha Mlima Kenya na begi mgongoni: pale utalala ndio picha yako iko

Mara ya kwanza napanda Mlima Kenya nilibeba kamera, lenzi tatu na tripodi nzito, kama kilo tano hivi juu ya hema na chakula na nguo za baridi, nikashuka na picha mia nne na karibu zote nilizipiga mchana nikiwa nimechoka, vilele vimefunikwa na mawingu. Lenzi mbili hazikutoka kwa begi ata siku moja. Nimerudi mara kadhaa tangu hapo na nimebadilisha karibu kila kitu, so wacha niwaeleze vile mi hufanya sai, nikichukulia unapanda na njia ya Sirimon na kushuka na njia ya Chogoria.

Kabla ya kufikiria kamera, fikiria utalala wapi. Huku kwetu ikweta jua halichomozi kwa mshazari kama nchi za mbali, linapanda wima, kwa hivyo ule mwanga laini wa dhahabu unaisha haraka sana. Linatoka karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa moja na nusu vivuli tayari ni vikali na rangi zimeanza kupauka. Alafu kuna mawingu. Siku nyingi vilele viko wazi asubuhi, lakini ikikaribia saa nne au saa tano wingu linapanda kutoka kule msituni na linafunika kila kitu mpaka jioni. Sasa wewe kama umelala mbali na kile unataka kupiga, mwanga mzuri wote utakuishia ukiwa njiani unahema, ufike wakati mlima umejifunika. Lala mbele ya picha yako. Kambi ya Shipton iko mita 4,200 na ukifungua tu zipu ya hema, vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) viko hapo mbele, huna haja ya kutembea, unatoa kichwa unapiga.

Kuna kitu sikuwa najua mwanzo na kilinigharimu safari nzima. Mlima uko ikweta kwa hivyo miezi ya katikati ya mwaka jua linapitia upande wa kaskazini, na Desemba hadi Februari linapitia kusini. Miezi mikavu tunayopanda ni Januari na Februari, alafu Julai mpaka Septemba hivi, na wengi wanaona ni sawa tu, lakini kwa picha si sawa kabisa. Shipton inatazama uso wa kaskazini, kwa hivyo ukienda Januari ule ukuta wa mawe unaweza kukaa kivulini karibu siku nzima, picha inatoka bluu na baridi. Agosti unawaka. Kama umepata likizo Januari mi ningekwambia utumie njia ya Naro Moru, ulale Bonde la Teleki, maana upande ule ndio unapata jua wakati huo.

Vifaa. Beba kamera moja na lenzi moja ya kuzuum, ata ile ya milimita 18-55 iliyokuja na kamera inatosha, na kama lazima uongeze kitu ongeza lenzi ndefu na sio lenzi pana zaidi. Najua watu hudhani mlima unahitaji lenzi pana, lakini lenzi pana inaufanya mlima uonekane kama kichuguu kwa mbali, wakati lenzi ndefu inaleta barafu na nyufa za mwamba karibu. Tripodi iwe nyepesi, ukifika unaning'iniza begi lako chini yake ili upepo usiitikise. Kamera isikae ndani ya begi, ivae kifuani, kwa sababu ukiwa mita 4,000 na pumzi imekata hutavua begi kila dakika tano, utasema nitapiga mbele, na hutapiga.

Betri ni hadithi yake. Baridi haiziui, inazifanya zishindwe kutoa nguvu, kwa hivyo iliyoonyesha imeisha saa kumi alfajiri inaweza kuamka ukiipasha joto mfukoni. Usiku ninalala nazo ndani ya mfuko wa kulalia, na nikianza kupanda zinakaa mfuko wa ndani karibu na mwili. Ila kamera yenyewe usiilete kwenye joto. Mi niliiingiza ndani ya kibanda watu wanapika na dakika mbili tu lenzi ilikuwa imejaa unyevu mpaka ndani, nikakosa asubuhi yote. Ifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwanza, uiache ipate joto polepole.

Siku ya kupanda kilele cha Lenana mnaamka saa nane au saa tisa usiku, mnafika mita 4,985 kabla jua halijatoka, na hapo kila mtu anatazama mashariki na simu mkononi. Piga hiyo moja, sawa, alafu geuka. Nyuma yako kuna Nelion, na mwanga wa kwanza unaugonga ule mwamba unakuwa mwekundu kama kaa la moto kwa dakika chache tu. Hiyo ndio picha. Kama kuna theluji ama ukungu kamera itadanganyika iifanye nyeupe kuwa kijivu, so ongeza mwanga kidogo kwa kamera, kama +1, na upige RAW, yaani faili ghafi ya kamera, ndio uweze kurekebisha nyumbani. Katikati hapo chini kuna barafu ya Lewis, ama tuseme kilichobaki chake. Watafiti wamekuwa wakiipima tangu 1934 na imepungua vibaya. Mi kila nikienda nasimama kwenye jiwe lile lile, lenzi ile ile, napiga picha moja ya hiyo barafu na naandika tarehe. Tafadhali ukifika fanya hivyo pia, ata kama picha yenyewe haipendezi.

Usikae ukitazama vilele tu. Kwenye Bonde la Mackinder, ukipanda kuelekea Shipton, kuna zile dendrosenesio, miti mirefu yenye shina limevaa koti la majani makavu, na chini kuna lobelia zinazofunga majani usiku kujikinga na baridi na zinashika maji katikati. Maji hayo huganda juu, asubuhi unakuta kipande cha barafu kinang'aa katikati ya majani. Piga magoti, weka lobelia mbele na kilele nyuma, tundu la lenzi f/11 ili vyote viwili vionekane vizuri, na ufanye haraka maana jua likiigusa barafu inayeyuka. Pimbi watakuja wenyewe kutafuta chakula. Usiwape.

Kushuka ndio wengi wanaharibu. Kutoka Lenana wanateremka Chogoria mpaka kwenye mabanda ya kulala kule chini siku hiyo hiyo, magoti yanauma, wanapita juu ya Bonde la Gorges wakati wingu limejaa na hawaoni chochote. Ongeza usiku mmoja, lala kando ya Ziwa Michaelson pale chini ya ule ukuta unaoitwa The Temple. Bonde linafunguka kuelekea mashariki, kwa hivyo asubuhi jua linaingia moja kwa moja, linaanza juu ya ukuta na kushuka taratibu mpaka majini. Weka tripodi chini kabisa karibu na maji kabla upepo haujaamka, ukikuwa umetulia ziwa ni kioo, na unaupata ukuta mzima mara mbili.