Kikosi Maalumu cha Polisi Kinapoingia Jengoni: Namna ya Kutoka Salama

Januari 15, 2019, washambuliaji walipovamia majengo ya hoteli na ofisi ya DusitD2 jijini Nairobi, watu wengi walijifungia vyooni na kujibanza chini ya meza usiku kucha, huku askari wa Recce, kikosi maalumu kilicho chini ya GSU (General Service Unit) ya polisi wa Kenya, wakipekua ghorofa moja baada ya nyingine. Washambuliaji waliwaua watu 21, lakini zaidi ya 700 walitolewa wakiwa hai katika operesheni iliyochukua takriban saa 19. Wengi wetu tumewahi kuambiwa tukimbie au tujifiche; ni wachache walioelezwa la kufanya mlango unapovunjwa na anayeingia ni mwokozi mwenye bunduki.

Fahamu kwanza kwamba askari huyo hakujui. Katika mazoezi yake ameingia mara nyingi katika vyumba vilivyowekwa picha za watu, huyu ameshika bastola, yule ameshika simu, na kila mara alitakiwa kuamua kwa kufumba na kufumbua nani afyatuliwe risasi na nani aachwe. Macho yake yamezoezwa kutafuta mikono kabla ya sura. Kwa hiyo weka simu chini mapema, kunjua vidole vyote, nyoosha mikono mahali inapoonekana, na usiingize mkono mfukoni hata kama unataka kutoa kitambulisho. Mzazi aliyembeba mtoto amshike huku viganja vikiwa wazi.

La pili ni kulala chini na kubaki chini. Katika uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, Julai 4, 1976, makomando wa Israel, ambao kwa hakika walikuwa wanajeshi na si polisi, waliwapazia sauti mateka wa ndege iliyotekwa kwa Kiebrania na Kiingereza wakiwataka walale. Kijana wa miaka 19 akainuka, na akauawa na wale wale waliokuja kumwokoa. Tamaa ya kumkimbilia mwokozi ni ya kibinadamu kabisa, na ndiyo inayonitia hofu kuliko kitu kingine chochote katika jambo hili. Hata waliofunzwa hukosea: katika shambulio la duka kubwa la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, askari wa Recce alipoteza maisha kwa risasi za wanajeshi walioingia baadaye na kumdhania adui.

Mnapokuwa bado mafichoni, kaeni mbali na mlango na madirisha, na zimeni mlio na mtetemo wa simu. Mtu akibisha akisema ni polisi, msikimbilie kufungua. Ikiwa mnaweza kupiga simu bila kusikika, pigeni 999 au 112, mweleze mlipo na muulize kama kweli askari wamefika hapo. Usichapishe mtandaoni mahali polisi walipo, kwa kuwa mshambuliaji aliye ndani naye ana simu.

Huenda kikosi kikarusha kwanza bomu la kishindo, ambalo hutoa mwanga mkali na mlipuko wa kuziba masikio kwa muda. Fumba macho, uso ukiwa sakafuni, na usiruke. Askari watapita haraka, pengine wakimruka majeruhi anayelia, maana kazi ya wanaotangulia ni kumzuia muuaji asiendelee kuua. Tabibu huja nyuma yao. Usiwashike miguu wala kuwauliza maswali. Jibu unachoulizwa, kwa maneno machache.

Baadaye utaamrishwa kutoka mikono ikiwa juu, utapekuliwa, na huenda ukafungwa mikono hadi utambuliwe. Inaudhi, hasa kwa mtu aliyetoka tu kunusurika, lakini mshambuliaji anaweza kujichanganya na mateka, na askari hana njia nyingine ya kuwatenganisha. Usiteremshe mikono kwa sababu umefika nje. Walinzi walioko huko nao wanakuona kwa mara ya kwanza.

Ukifika mahali pa kukusanyikia, andikisha jina lako kabla ya kuondoka, ili jamaa zako wasikutafute hospitalini na mochari. Kisha mweleze ofisa uliyoyaona: washambuliaji wangapi, mavazi gani, ngazi ipi walipanda, na zaidi ya yote, ni chumba gani umemwacha majeruhi.