Mashine ya kufyekea nyasi: kujaza mafuta, kuwasha na kuzima bila kujidhuru

Watu huogopa kisu wakasahau tenki. Petroli hutoa mvuke hata kwenye baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini na kutuama penye shimo au pembeni mwa chumba, ukisubiri cheche. Kwa hiyo mafuta hujazwa nje, mbali na moto na sigara, injini ikiwa imezimwa na kupoa kwa dakika kumi hivi. Eksozi ya moto inatosha kuwasha petroli iliyomwagika.

Soma kwanza maelezo ya mashine yako. Injini ya mipigo minne kwa kawaida hutumia petroli tupu, na oili yake hukaa peke yake. Injini ya mipigo miwili hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, lita 5 za petroli huchukua mililita 100 za oili. Kwa 25 kwa 1, mililita 200. Pima kwa chombo chenye alama, usikadirie kwa macho. Oili ikipungua, pistoni hukwaruzika na kukwama. Ikizidi, plagi (kifaa kinachotoa cheche ndani ya injini) huchafuka na moshi hujaa. Tumia oili ya mipigo miwili pekee, maana ya gari haiungui vizuri na huacha masizi. Changanya kwenye dumu, kamwe si ndani ya tenki, na mchanganyiko huo utumie ndani ya siku 30.

Weka dumu na mashine chini, ardhini, ili umeme tuli usirushe cheche. Futa vumbi kuzunguka kifuniko, kifungue polepole presha itoke, mimina, ukiacha nafasi kidogo juu. Funga, pangusa kilichomwagika, kisha sogea angalau mita 3 kutoka hapo kabla ya kuwasha. Nguo ikilowa petroli, ibadilishe kwanza.

Vaa miwani, vizuia sauti, glavu, suruali ndefu na buti. Watu na wanyama wakae mita 15 kutoka ulipo. Usiwashe ndani ya banda hata mlango ukiwa wazi: moshi una kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu.

Laza mashine mahali tambarare, kisu kisiguse kitu. Weka swichi upande wa kuwaka, bonyeza kipira cha kupampia mafuta mara 5 hadi 10, na kama injini ni baridi, funga choki (kilango kinachopunguza hewa inayoingia kwenye injini). Kandamiza mashine kwa mkono mmoja, usipige goti juu ya bomba lake. Vuta kamba taratibu mpaka ikaze, ndipo uivute kwa nguvu. Usiizungushe mkononi, usiivute mpaka mwisho, wala usiiachie irudi kwa kishindo.

Injini itakohoa mara moja na kuzima. Sikiliza sana kikohozi hicho, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea: wanaendelea kuvuta kamba huku choki ikiwa imefungwa, plagi inalowa, na mashine inakataa kabisa. Ikikohoa tu, fungua choki na uvute tena. Injini yenye joto haihitaji choki. Plagi ikishalowa, ifungue na uikaushe, zima swichi, vuta kamba mara kadhaa uso ukiwa mbali na tundu, kisha rudisha plagi na uwashe injini, choki ikiwa wazi.

Ikiwaka, achia resi uangalie kisu. Kikiendelea kuzunguka, resi ya chini iko juu mno au klachi (kinachounganisha injini na kisu) ina hitilafu, usianze kazi.

Kuzima: achia resi, iache ingurume polepole sekunde chache, bonyeza swichi, subiri kisu kisimame kabisa. Swichi ikigoma, funga choki; injini itazidiwa na mafuta na kuzima. Mashine hiyo isiwashwe tena mpaka swichi itengenezwe. Na kabla ya kuondoa nyasi zilizojisokota kwenye kisu, chomoa waya wa plagi.