Marejeo ya APA kwenye tasnifu: anzia ndani ya sura, orodha ije baadaye

Msimu wa kukusanya tasnifu, stationari za Nyegezi na Malimbe, Mwanza, hujaa watu wanaotaka kubaindi kazi ambazo hazijaiva. Sura tano zimekamilika, lakini orodha ya marejeo imetungwa usiku mmoja kwa kukumbukakumbuka. Kazi yangu ni kuzipanga hizo tasnifu, na huu ndio utaratibu ninaoufuata kwa mtindo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani.

1. Jua mtindo unaotakiwa. Soma mwongozo wa chuo chako kwanza. Mwongozo huo ukipingana na ninachosema hapa, fuata chuo. Fani za afya hutumia sana Vancouver, ambao huweka namba kwa mpangilio wa vyanzo vinavyojitokeza. Hapa nazungumzia APA toleo la 7, lililotoka mwaka 2019. Usinakili mfano kutoka tasnifu ya kaka yako ya mwaka 2015: toleo la 6 lilidai mji wa mchapishaji, la 7 limeuondoa.

2. Nyoosha majina. Hapa ndipo Watanzania tunapoangukia. Julius Kambarage Nyerere kwenye orodha ni Nyerere, J. K., na ndani ya sura ni Nyerere pamoja na mwaka. Si Julius, wala si Mwalimu Nyerere. Dkt., Prof. na Mhe. vyote vinabaki nje, hata kama mwenyewe ndiye msimamizi wako.

3. Pita sura kwa sura. Waandishi wawili, wataje wote kila mara. Wakiwa watatu na kuendelea, taja wa kwanza tu kisha "na wenzake", kuanzia mara ya kwanza kabisa. Ukinukuu maneno yenyewe, weka ukurasa. Nukuu ya maneno 40 au zaidi inajitenga kwenye aya yake, inaingizwa ndani, bila alama za kunukuu.

Taasisi andika kwa kirefu mara ya kwanza: (Ofisi ya Taifa ya Takwimu [NBS], 2022). Baadaye (NBS, 2022) inatosha. Ukiwa na ripoti zao mbili za mwaka huohuo, zitofautishe kwa 2022a na 2022b, ndani ya sura na kwenye orodha.

4. Mahojiano. Hili huulizwa kila msimu. Umekwenda Mwaloni Kirumba, umemhoji mama anayeuza dagaa, naye amekwambia jambo zito. Huyo ni mshiriki wa utafiti wako; maneno yake ni data. Haingii kwenye orodha, na jina lake halisi usiliandike. Mpe jina la bandia au mwite "Mshiriki wa 4", kisha nukuu.

Afisa uvuvi aliyekujibu swali kwa barua pepe, nje ya mahojiano ya utafiti, ni habari nyingine. Yeye unamtaja ndani ya sura tu: jina, maneno "mawasiliano binafsi", na tarehe kamili. Kwenye orodha naye hayumo, kwa sababu msomaji hawezi kuipata barua hiyo.

5. Sasa tengeneza orodha. Ukurasa mpya, alfabeti, bila namba wala vitone. Mstari wa kwanza wa kila chanzo unaanzia ukingoni, inayofuata inaingia nusu inchi. Chagua orodha nzima kwenye Word, bonyeza Ctrl+T, imekwisha. Tafadhali usisukume mistari kwa spesi: ukiongeza neno moja tu, yote inavurugika.

Kwa makala za jarida, jina la jarida na namba ya juzuu huwa kwa italiki. Namba ya toleo iliyo kwenye mabano haina italiki. DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, iandikwe kama kiungo kamili kinachoanza na https://doi.org/, bila nukta mwishoni. Kibofye. Kisipofunguka, rudi kwenye makala yenyewe ukakichukue upya.

Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, ni ya bure na inasaidia sana, ila huchukua makosa ya tovuti kama yalivyo, zikiwemo herufi kubwa tupu na majina yaliyogeuzwa. Ikague.

6. Linganisha. Printi orodha, shika kalamu. Kila jina litafute kwenye sura kwa Ctrl+F. Likionekana, weka tiki. Lisiloonekana, lifute. Kisha geuza: kila mabano yenye mwaka ndani ya sura, isipokuwa ya mawasiliano binafsi, yawe na mwenzake kwenye orodha.

Peleka PDF stationari, si faili la Word. Kompyuta yao isipokuwa na fonti yako, kurasa zitahama na jedwali la yaliyomo halitalingana nazo tena.