Shule ya kimataifa imekupa ofa? Chukua karatasi kwanza

Nilikuwa na miaka tisa nafundisha Hisabati katika sekondari ya serikali wilayani Kilosa, siku shule moja ya kimataifa ya Dar es Salaam iliponipigia simu. Mshahara: milioni mbili na laki nne. Mke wangu akaanza kuongelea makochi. Mimi nikachukua karatasi.

Na wewe anza hapo, maana pesa ya kwenye simu ni ya kabla ya makato. Yangu ilikwenda hivi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, sawa na 240,000. Ikabaki 2,160,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi: ukivuka milioni moja unalipa 128,000, kisha asilimia 30 ya kila kinachozidi. Jumla 476,000. Nilisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, hivyo asilimia 15 ya mshahara mzima, 360,000, nayo ikaenda. Mkononi: 1,324,000. Hapo sijagusa chumba na sebule cha Mbezi, laki tatu na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo.

Bado ilizidi ya Kilosa. Ila haikuwa ile ya makochi.

Wenye watoto, punguzo la ada ndilo linalotupofusha. Mimi niliahidiwa nusu ya ada kwa mtoto mmoja, nikaona binti yangu tayari yumo kwenye basi la njano. Kisha nikauliza ada yenyewe: dola 9,000 kwa mwaka. Nusu yake ni dola 4,500, karibu mishahara yangu tisa ya mkononi. Kwa hiyo usiulize punguzo ni asilimia ngapi. Uliza kinachobaki ni shilingi ngapi, kwa watoto wangapi, na kama mkataba ukiisha katikati ya masomo yao wanaendelea au wanatoka.

Pili, hakiki ukimataifa wenyewe. Rangi ya geti si ushahidi. Shule inayofundisha IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa) huonekana kwenye orodha ya IB mtandaoni, na kuna tofauti kati ya iliyoidhinishwa na ile ambayo bado inaomba. Wanaofuata Cambridge, mtaala wa Uingereza, nao wana orodha yao. Dakika tano tu. Kama jina halipo, huenda ni shule nzuri ya mchepuo wa Kiingereza, na si aibu kufundisha huko, lakini usiache ajira ya kudumu kwa ajili ya kibao.

Mkataba uombe wote, si ile barua ya ofa yenye nembo. Wangu ulikuwa wa miaka miwili. Tafuta humo mambo haya: unalipwa miezi 12 au 10, maana likizo ya Juni na Julai ni ndefu, kipindi cha majaribio ni miezi mingapi, nani analipia bima ya wategemezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimlindi dhidi ya kuachishwa isivyo haki mtu ambaye hajatimiza miezi sita kazini, kwa hiyo miezi hiyo ya mwanzo usikope gari. Ukipewa siku tatu za kujibu, omba kumi. Mimi nilipewa.

Kisha nenda shuleni, si siku ya usaili tu. Nenda saa kumi jioni walimu wanapotoka, umtafute Mtanzania mwenzako wa idara yoyote. Sisi tukitaka kupanga nyumba humuuliza jirani: aliyekuwa anakaa humu kahama kwa nini? Uliza hivyohivyo. Aliyekuwa kwenye nafasi hii ameenda wapi? Wakuu wa idara ni akina nani? Mwalimu mmoja alinijibu swali la kwanza kwa kucheka, akaniambia nafasi hiyo imekaliwa na watu watatu kwa miaka minne. Kicheko kile kilinifundisha kuliko usaili wote.

Ni yeye pia aliyenieleza habari ya madaraja mawili ya walimu. Anayeajiriwa kutoka nje mara nyingi hupewa nyumba, tiketi ya ndege na ada ya watoto. Wewe wa ndani, kwa darasa lilelile, unapewa mshahara na pengine posho kidogo. Nimelikuta hilo, nimeliishi. Jirani yangu wa darasa, aliyetoka nje, tulianza siku moja. Jipime kwa ukweli: kama jambo hili litakuuma kila siku saa nne kwenye chai, milioni mbili hazitakutosha.

Kazi yenyewe ni nyingine kabisa, si nyepesi kama tunavyosimuliana. Kilosa nilikuwa na mikondo mitatu, kila mmoja wanafunzi sabini na kitu. Nilimaliza mada, nikasubiri NECTA, baraza la mitihani, itahini. Kwenye Hisabati ya IB, asilimia 20 ya alama hutokana na uchunguzi ambao mwanafunzi anauandika mwenyewe. Wewe ndiye unayeusahihisha, halafu IB wenyewe wanachukua sampuli kuangalia umesahihishaje. Wanafunzi 16, na kila mmoja ana mada yake: mwingine mawimbi ya bahari, mwingine penalti za mpira. Mzazi naye anakuandikia barua pepe saa tatu usiku. Uliza kama utalipiwa mafunzo kabla ya Agosti. Wakikuambia utajifunza humohumo, hesabu wikiendi zako.

Mwisho, unachokiacha. Daraja langu la utumishi, TSC (Tume ya Utumishi wa Walimu), na michango ya miezi 108 ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wakati pensheni inataka miezi 180. Nilikwenda PSSSF mwenyewe kuuliza vipindi vyangu vitaunganishwaje na vya NSSF, nikaomba jibu kwa maandishi. Fanya hivyo kabla ya kusaini. Na tafadhali usiondoke kimya kimya ukidhani utaandika barua baadaye. Utoro ni kosa la kufukuzwa kazi, na siku ukitaka kurudi serikalini doa hilo litakuwa limekutangulia.

Niliwarudishia mkataba nikiwa nimeweka alama sehemu mbili. Posho ya nyumba waliikataa. Mafunzo ya Julai waliyakubali, wakayaandika. Nilikaa nayo siku mbili, nikapiga hesabu upya bila kumhesabu mtoto, kana kwamba binti atabaki shule yake ileile. Ikatosha, kwa shida kidogo. Jumatatu nikapitisha barua ya kuacha kazi kwa mkuu wa shule kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, nikahakikisha nakala yangu imegongwa muhuri.

Makochi tulinunua mwaka wa pili.