Kuongeza chumba cha kulala katika fleti ya England: sheria na usalama

Ndugu anapofika London au Birmingham kutoka Mombasa, Kigoma au Bujumbura na kuhitaji mahali pa kulala, wenyeji wake wengi hufikiria kwanza kuikata sebule vipande viwili. Fundi wa bodi za jipsamu husimamisha ukuta wa namna hiyo kwa muda mfupi, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kodi ya kuhamia fleti kubwa zaidi, kwa hiyo kazi hufanyika mwisho wa wiki bila mtu yeyote kuulizwa. Mwongozo huu unahusu England peke yake, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao za nyumba. Nia yake ni kumwezesha msomaji kujua ukuta huo unaruhusiwa wakati gani, nani wa kuombwa ruhusa, na kwa nini mara nyingi ni heri kuweka kitanda sebuleni kuliko kujenga.

Sheria ya Nyumba ya mwaka 1985, inapopima kama nyumba imejaa kupita kiasi, huihesabu sebule kuwa mahali pa kulala sawa na chumba. Eneo lenye angalau mita za mraba 10.2 huhesabiwa kutosha watu wawili. Lenye kati ya 8.4 na 10.2 huhesabiwa mtu mmoja na nusu. Kati ya 6.5 na 8.4 mtu mmoja. Kati ya 4.6 na 6.5 nusu mtu. Na lililo chini ya hapo halihesabiwi kabisa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hahesabiwi, na wa kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka 10 ni nusu. Sasa chukua sebule ya mita za mraba 13, ambayo kwa kipimo hicho inatosha watu wawili. Ukiikata ukapata chumba cha mita 8 na kipande cha mita 5, umebaki na nafasi ya mtu mmoja na nusu. Umelipa fundi, umepoteza sebule, na mbele ya sheria nyumba yako imepungua. Familia yenye kijana wa kiume na wa kike waliofikisha miaka 10, ambao sheria hiyo haitaki walazimike kulala chumba kimoja, inaweza kumlaza mmoja wao sebuleni bila kugusa ukuta wowote, ilimradi mkataba wa pango hauweki kikomo cha idadi ya wakazi.

Hatari kubwa ya ukuta mpya ni moto. Kanuni za ujenzi za England hukiita "inner room", yaani chumba cha ndani, chumba ambacho huwezi kutoka bila kupita ndani ya chumba kingine, na ndicho hasa kinachozaliwa sebule inapokatwa: mlango wa chumba kipya unafungukia kwenye kipande cha sebule kilichobaki, na katika fleti nyingi za kisasa kipande hicho ndicho chenye jiko. Moto ukiwaka jikoni saa tisa za usiku, aliyelala ndani hana njia. Kwa fleti ambazo sakafu yake haizidi mita 4.5 kutoka ardhini, kanuni hukubali dirisha la kutorokea: sehemu inayofunguka iwe na angalau mita ya mraba 0.33, urefu na upana wake kila kimoja kisipungue milimita 450, na ukingo wake wa chini usizidi milimita 1,100 kutoka sakafuni. Chukua futi ya kupimia, fungua dirisha mpaka mwisho, kisha upime uwazi wenyewe, usipime fremu. Madirisha mengi yanayoonekana makubwa hufunguka kipande kidogo tu cha juu, na hayo hayafai. Juu ya mita 4.5 dirisha halikubaliki tena kuwa njia ya kutokea, kwa hiyo chumba cha kulala kinatakiwa kifungukie kwenye korido iliyokingwa kwa kuta na milango ya kuzuia moto, au mtaalamu abuni mfumo mwingine unaokubalika.

Jambo hili si la nadharia. Machi 2023, huko Shadwell mashariki mwa London, betri ya baiskeli ya umeme iliwaka katika fleti ya vyumba viwili ambayo leseni yake ya kupangisha iliruhusu watu watatu, ilhali humo walikuwa wamerundikwa zaidi ya watu 15, wengi wao wahamiaji. Mmoja wao alifariki. Kwa wenzetu wanaosambaza vyakula kwa baiskeli hizo, chaji isifanyike usiku watu wakiwa wamelala, wala baiskeli isiegeshwe koridoni, kwa sababu korido ndiyo njia ya kutokea.

Kuhusu ruhusa, mpangaji anahitaji kibali cha maandishi cha mwenye nyumba kabla ya kubadilisha chochote, la sivyo atakatwa amana yake au kufukuzwa. Aliyenunua fleti naye asijidanganye kwamba ni mali yake peke yake. Fleti nyingi za England humilikiwa kwa mkataba wa miaka mingi ambao hukataza kubadilisha mpangilio wa ndani bila idhini ya mmiliki wa jengo. Baada ya hapo kuna idara ya udhibiti wa ujenzi ya halmashauri, ambayo hutakiwa kuarifiwa kabla ya kazi kuanza na hutoa cheti kazi ikikamilika. Jengo likiwa na urefu wa mita 18 au ghorofa 7 na zaidi, tangu Oktoba 2023 maombi hayo huenda kwa chombo cha kitaifa kiitwacho Building Safety Regulator, na subira yake ni ndefu. Anayeruka hatua hizi hukwama siku ya kuuza, wakili wa mnunuzi anapouliza cheti kiko wapi. Bima nayo iarifiwe.

Suala la nani anayelala humo linahitaji uangalifu kuliko lolote, kwani ndipo watu wetu hunaswa bila kujua. Nyumba inayokaliwa na watu watatu au zaidi wa kaya tofauti, wakitumia pamoja jiko au choo, huitwa HMO (house in multiple occupation, yaani nyumba ya kaya kadhaa). Wakifika watano, leseni ya halmashauri ni lazima kwa nyumba nyingi za aina hiyo, na halmashauri kadhaa huitaka hata kwa watatu au wanne. Sheria ya Nyumba ya mwaka 2004 imeutaja undugu kwa upana unaotufaa: wazazi, babu na bibi, watoto, wajukuu, ndugu wa kuzaliwa hata wa mzazi mmoja, wajomba, shangazi, wapwa na binamu wote ni kaya moja, na ndugu wa mke wakiishi na ndugu wa mume nao wamo. Mtu wa kijijini kwenu, muumini mwenzako au mtoto wa rafiki wa baba yako hayumo, hata kama nyumbani mnaitana ndugu. Mwenye fleti anayeishi humo na familia yake anaweza kupokea wageni wawili wanaolipa bila nyumba kuwa HMO. Mpangaji hana nafuu hiyo. Katika HMO yenye leseni, chumba cha mtu mmoja aliyezidi miaka 10 kisipungue mita za mraba 6.51, cha wawili 10.22, na chini ya 4.64 ni marufuku mtu kulala. Sehemu ambayo dari yake iko chini ya mita 1.5 haihesabiwi. Anayeishi fleti ya halmashauri au ya shirika la nyumba akumbuke pia kwamba kuhama na kuipangisha yote kwa wengine ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 2013.

Mengine ni ya lazima lakini mepesi. Kila ghorofa yenye makazi iwe na kengele ya moshi, na chumba chenye boila ya gesi kiwe na kengele ya kaboni monoksaidi. Katika nyumba ya kupanga mwenye nyumba ndiye anayezigharamia. Gesi hukaguliwa kila mwaka na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, umeme kila miaka mitano. Usiifungie boila ndani ya chumba kipya kabla fundi huyo hajakubali. Mlango mkuu wa fleti unaojifunga wenyewe usizuiliwe kwa kiatu, maana ndio unaokinga ngazi za jengo zima dhidi ya moshi.

Nawe unayepangishwa chumba cha namna hii, kabla ya kutoa kodi ingia ndani, funga mlango, kisha ufungue bila ufunguo. Mlango unaohitaji ufunguo kwa ndani, au uliowekewa kufuli la kuning'inia kwa nje, usiukubali. Fungua dirisha. Uliza kengele ya moshi iko wapi na ubonyeze kitufe chake uisikie ikilia. Omba kuona leseni, au tafuta anwani hiyo kwenye orodha ambayo kila halmashauri hutakiwa kuitunza na kuionyesha kwa umma. Ukiwa tayari umeshaingia na una wasiwasi, mashirika ya hisani ya Shelter na Citizens Advice hutoa ushauri bila malipo, na kikosi cha zimamoto cha eneo lako kinaweza kuja kukagua nyumba bure.