Ng'oa gugumaji, panda mafunjo

Mimi nasuka mikeka ya mafunjo hapa Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, upande wa Magu, Tanzania, kwa hiyo nasema wazi kwamba nina upendeleo. Mwalo, yaani pale mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, ukiondolewa gugumaji halafu ukaachwa mtupu, hiyo ni kazi ya kupigia picha tu. Gugu hili lililotoka Amerika ya Kusini huzaa watoto pembeni kwa vikamba, na kwenye maji yenye rutuba huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Mbegu zake huzama na kulala kwenye tope hata zaidi ya miaka 15. Ukingo wenye mafunjo na matete yaliyosongamana hauliachii gugu nafasi wala mwanga.

Anzeni ofisini kwa kijiji, pamoja na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa au ukingo wa mto. Mwenye bustani ya nyanya aliyelima mpaka majini hatakusikiliza wewe na reki yako, ila mtendaji atamsikiliza. Na mbolea ya bustani hiyohiyo ndiyo inayolisha gugu.

Vaeni viatu virefu vya mpira na glovu, maana konokono wa kichocho wanapenda kukaa humo. Nyoka nao wanapenda, na mamba huwezi kumwona chini ya majani. Mtu asiingie peke yake, wala alfajiri, wala jioni.

Sasa gugu lenyewe. Sisi wa ziwani tunajua upepo: mchana unatoka ziwani na kuyasukuma magugu ufukweni, usiku unatoka nchi kavu na kuyarudisha ndani. Basi jioni zungushieni kamba yenye maboya, hata madumu matupu yanafaa, ili asubuhi myakute palepale. Vuteni kwa reki na kipande cha nyavu kuukuu kabla hayajachanua. Yabebeni mpaka juu kabisa, mvua ya masika isikoyafikia. Yakikauka, changanyeni na samadi na majivu muozeshe mboji. Yaliyokwisha kutoa maua ni afadhali kuyachoma. Lakini kama mwalo wenu uko karibu na machimbo ya dhahabu au mfereji wa kiwanda, msiweke mboji hiyo kwenye mboga. Gugumaji hunyonya zebaki na risasi.

Msiyamalize yote. Tazameni majani: mkiona vidoa vidogo vya kijivu, kama mtu amekwangua ngozi ya jani kwa ukucha, hao ni mbawakavu, wadudu wala gugumaji walioachiwa ziwani makusudi, Uganda mwaka 1995, Kenya na Tanzania mwaka 1997. Wakubwa hula jani, watoto wao hutoboa shina mpaka mche unazama. Acheni kipande chenye wadudu hao, na miche mingine yenye wadudu mkaitupe kwenye kundi la magugu lisilo na vidoa. Sumu za magugu msiguse. Zinaua mafunjo pia, na magugu yakifa kwa mpigo yakaozea majini, hewa ya samaki inakwisha.

Tukifika kwenye mafunjo ndipo watu huwa wameshachoka, wanataka soda na kurudi nyumbani. Miche ichukuliwe siku moja tu kabla, au siku hiyohiyo. Nenda kwenye mafunjo mazima ya jirani, chukua pembezoni, hapa kidogo na pale kidogo, usichimbe shimo katikati. Unachotaka ni tunguu, lile shina nene linalotambaa topeni, kipande cha urefu wa mkono toka kiwiko, chenye machipukizi mawili au matatu. Mabua marefu yakate yabaki kimo cha goti, la sivyo upepo utayalaza na kung'oa kila kitu. Funika kwa gunia bichi njiani. Tunguu lililokauka halichipui.

Panda vuli ikianza, pale maji yanapofika kifundo cha mguu. Laza tunguu, chipukizi likitazama juu, lifunike tope kidogo, kisha lipigilie kwa vigingi viwili vya mti vilivyokingamana juu yake. Mawimbi ya hapa si ya kuchezea. Kati ya mche na mche acha kama mita moja, mistari ipishane. Wekeni boma la miiba upande wa nchi kavu, kwa sababu ng'ombe anapenda chipukizi la mafunjo kuliko majani yoyote ya kiangazi, na mwachieni njia yake moja ya kunywea maji. Huko juu penye lantana, kile kichaka vamizi, ng'oa na mzizi kabla ndege hawajala matunda.

Wiki kwa wiki pita kwa mtumbwi uokote vijigugu vinavyonasa kati ya miche.

Kuvuna, ngojeni mwaka. Kata mabua yaliyokomaa tu, juu ya maji, ukiacha machanga, na sehemu uliyokata uiache tena mwaka mzima. Anayerudia kukata kila baada ya miezi michache analimaliza tunguu. Wasusi wenzangu, hapo naongea na nyie.